Hicho Chaitwa Deni

Kiwandani kilipewa namba: mia nne na saba, buluu.
Nani Bondeni amewahi kuita kitu mia nne na saba?
Famau alimkopesha baharia mmoja wa meli ya saruji,
akamwambia, utalipa ukirudi.
Meli ilirudi. Baharia hakurudi.
Tangu siku hiyo kila mpini wa buluu ni Deni,
na Deni, mwanangu, leo hukipati
hata uje na mshahara wa miezi miwili mkononi.

Twakutana Jumamosi baada ya Alasiri
juu ya duka la rangi la Taherali,
mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, pilipili na ndimu kando.
Vidole hupanguswa kwanza. Sheria ni hiyo tu.
Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, husema watu;
vyetu havijakata hata hiyo ndimu.
Vimelazwa juu ya mahameli
kama wagonjwa wa hospitali ya kulipia.

Mpini mweusi wenye madoadoa meupe ni Kanga,
kanga ndege; huku kwetu nguo ni leso,
hakosei ila mgeni wa bara.
Manjano inayoiva kuelekea wekundu: Boribo.
Kile cha kijani ni Shemeji,
kwa kuwa kiliazimwa siku mbili
kikakaa kwa watu miaka sita.
Usiulize kijani kimeingiaje hapo.
Jina haliulizwi lilipita ndia gani.
Na ile shehena iliyoloa maji Kilindini,
mipini ikatoka kontenani imepauka kama vidole vya dobi,
kiwanda kingeitupa.
Sisi tukaiita Dobi,
na bei ikapanda ngazi kabla yetu.

Chini, Taherali ana kadi ya rangi, miraba mia mbili,
kila mraba na jina lililotungwa na mtu ofisini:
Ukungu wa Asubuhi. Ndoto ya Waridi.
Sijapata kusikia mteja akiagiza ndoto.
Husema, nipe ile ya mlango wa msikiti wa kwetu,
nipe ile ya basi la shule.
Taherali hutikisa kichwa, hufungua kopo.

Ningejifunza hapo, nisingeaibika.

Kisu cha marehemu baba kilivunjika mpini,
akayeyusha kipande cha beseni la waridi
akakigandisha juu ya ile pembe nyeusi,
akakaza kwa uzi wa kushonea viatu.
Nikakiweka juu ya mahameli, nikatangaza:
hiki chaitwa Alfajiri.
Wakaitika kwa adabu,
adabu ile ya kumwitikia mgeni.
Jumamosi ya pili hakuna aliyelitamka.
Ya tatu nikalitamka mwenyewe, mara mbili,
likanirudia kama sarafu iliyokataliwa dukani.

Kisha Shekuwe, mjukuu wa Famau, miaka mitano,
mdomo umejaa muhogo,
akanyoosha kidole chenye mafuta:
"Babu, nipe kile chenye kidonda."
Wote wakanitazama mimi kwanza.

Nikamwona baba kando ya jiko la makaa,
akiminya plastiki ya moto kwa vidole vyake mwenyewe,
akiapiza kwa sauti ya chini
mama asijue beseni limekwenda wapi.
Nyama ya waridi juu ya weusi, na uzi katikati.
Mtoto hakusema uongo.

Sikujibu. Nikamsogezea muhogo.

Juzi kijana wa Likoni amenipigia simu, simjui,
namba yangu kaipata kwa watu.
"Ati ndiwe mwenye Kidonda? Wakiuza?"
Nikamwambia la.
Akanyamaza kidogo, kisha akauliza
kama kuna kingine mfano wake.